Isije Ikawa: Utangulizi wa Sarufi ya Tahadhari

Taaluma unayoiingia katika kurasa hizi bado ni changa, wataalamu wake ni wachache, na malighafi yake iko karibu nawe kuliko unavyodhani. Simama asubuhi moja kituo cha 46 pale Kawangware, mawingu yakiwa yametanda upande wa Ngong, usikilize watu. Muuza mitumba anamhimiza jirani yake, "Mama Otis, funika hizo nguo ndio zisinyeshewe." Kondakta anamwambia mzee anayepanda matatu, "Shika hapo mzee, usianguke." Mama anamvuta mtoto kutoka kando ya lami: "Utakuja kugongwa wewe!" Hakuna hata mmoja kati yao anayetabiri chochote. Kila mmoja amelitaja jambo baya ambalo halijatokea, na kila mmoja amelifunga kwenye kazi ya kufanywa sasa hivi, iwe ni kufunika, kushika au kutoka barabarani.

Kifungo hicho ndicho somo letu. Tangu zamani wanaisimu wameandika kuhusu wakati ujao kana kwamba kuuzungumzia ni kupima uwezekano tu: litatokea, halitatokea, huenda likatokea. Lakini binadamu hujihadhari pia, na kujihadhari kuna viambishi vyake, viunganishi vyake na hata sauti yake. Nitaiita sehemu hiyo ya lugha sarufi ya tahadhari. Dai langu ni kwamba katika mitaa ya Kibera na Kawangware hofu ya kesho husemwa mara nyingi ikiwa imeshikana na tendo la leo, na mtafiti anayeiandika hofu akaliacha tendo amesikia nusu ya sentensi. Nusu hiyo imeleta madhara. Imewafanya watu wa mitaa hii waonekane katika ripoti kama watu waliokata tamaa, ilhali lugha yao yenyewe inashuhudia kwamba wako kazini.

Taaluma hii ilianzia mbali na Nairobi. R. M. W. Dixon, alipoandika sarufi za lugha za wenyeji wa kaskazini-mashariki mwa Australia, Kidyirbal mwaka 1972 na Kiyidiny mwaka 1977, alikuta kiambishi cha kitenzi ambacho kazi yake ni kutaja tukio baya linalopaswa kuepukwa. Mwaka 1995 Frank Lichtenberk aliichunguza To'aba'ita, lugha ya kisiwa cha Malaita katika visiwa vya Solomon, akaonyesha kwamba neno moja dogo linaweza kubeba mambo mawili kwa mpigo: kwamba jambo fulani linawezekana, na kwamba msemaji halitaki. Mwaka 2018 Marine Vuillermet aliandika kuhusu Ese Ejja, lugha ya Amazoni inayosemwa Bolivia na Peru, akatenganisha hofu ya tukio, hofu inayomfanya mtu atende ili kuepuka, na hofu ya kitu chenyewe kama vile nyoka au mnyama mkali. Kila moja ina umbo lake. Kwa kazi hizo hofu ilipata kiti katika sarufi, ikaacha kuwa mgeni wa saikolojia peke yake.

Ulaya nako dalili zilikuwepo tangu kale. Mroma aliyeogopa kwamba mtu atakuja alisema kwa kukanusha, timeo ne veniat. Mfaransa wa leo, akizungumza kwa uangalifu, bado hupachika chembe ya kukanusha mahali hapo hapo. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, maana nasi tunasema "nachelea asije akaanguka", na hakuna anayeelewa kwamba namchelea mtu kwa sababu hataanguka. Kuogopa jambo ni kulikataa kabla halijafika. Na tazama hiyo "kabla halijafika" niliyoiandika sasa hivi bila kuikusudia: kukanusha kumeingia hata hapo, katika neno la wakati lisilo na hofu yoyote. Lugha nyingi duniani hufanya vivyo hivyo, na wanaisimu wanaendelea kujadiliana kwa nini kabla na hofu hupenda kukanusha kwa namna moja.

Kiingereza kina njia zake, na wasomaji wengi wa Nairobi wanazitumia kila siku ofisini. Kiunganishi chake mahususi cha tahadhari, "lest", leo kinasikika zaidi katika Biblia za zamani na katika hafla za kuwakumbuka wanajeshi. Kazi yake imegawanywa kati ya vitenzi vya uwezekano na maneno ya hofu, na maneno hayo ya hofu nayo yamechakaa hadi yakageuka adabu. Karani anayekuambia kwa Kiingereza kwamba anaogopa ofisi imeshafungwa haogopi kitu, anakuomba radhi. Nalitaja hili kwa sababu tafiti nyingi za mitaa yetu huanza kuandikwa kwa lugha hiyo, kisha zikaletwa kwetu, na kinachopotea njiani si kidogo. Nitalirudia tukifika kwenye mbinu.

Sasa tuingie nyumbani, maana hapa pana utajiri. Kiambishi -ta- cha wakati ujao kilizaliwa na kitenzi taka. Ushahidi bado unaonekana katika urejeshi: mgeni atakayekuja, siku itakayofika. Taka yote imebaki humo, haikukatwa. Yaani kwa asili yake "atakuja" ilikuwa "anataka kuja". Safari ya namna hii, ya neno kamili kusinyaa likawa kiambishi, imechunguzwa sana na Bernd Heine na wenzake, na mfano wa Kiswahili umekuwa miongoni mwa ile inayotajwa mara kwa mara. Kisha tazama upande wa tahadhari. Asije akaanguka. Nisije nikachelewa. Isije ikawa. Hapa kitenzi kilicho kazini ni ja, na tukio baya linafuata likiwa na -ka-, kiambishi kile kile tunachokitumia kusimulia yaliyopita moja baada ya jingine. Yaweke maumbo haya mawili pamoja: kesho ya kawaida imejengwa kwa kutaka, kesho ya kuogopwa imejengwa kwa kuja. Baya halitaki mtu yeyote. Linakuja lenyewe, nasi tunaliambia lisije. Sisemi kwamba msemaji wa leo anayawaza hayo kila anapofungua kinywa, kwa kuwa viambishi husahau wazazi wao. Lakini mgawanyo huo haukutokea kwa bahati, na unastahili kuulizwa.

Nairobi imeipokea mali hii na kuitumia kwa namna yake. Umbo la "asije aka-" linasikika zaidi kwa wazee, wahubiri na watangazaji wa redio, pamoja na watu waliokulia Pwani. Katika maongezi ya kawaida ya Kawangware, kazi kubwa inafanywa na "ndio" ikifuatwa na kukanusha: toka mapema ndio usichelewe, lipa nusu ndio asifunge nyumba. Mwalimu wa insha ataipiga mstari mwekundu. Mimi naiona ni hatua nzuri sana ya lugha, kwa sababu "ndio" hiyo imeunganisha tendo na hatari kwa kifundo ambacho hakuna anayeweza kukifungua: ukiondoa tendo, sentensi inavunjika. Katika Kiswahili cha vitabu unaweza kusema "isije ikanyesha" peke yake ukanyamaza. "Ndio isinyeshe" huwezi kuisema peke yake. Lazima kitangulie kitu cha kufanywa.

Kisha kuna "utakuja ku-". Utakuja kujuta. Hii waya itakuja kuchoma mtu. Huyo mtoto atakuja kuzama kwa huo mtaro. Kwa sarufi ni wakati ujao wa kawaida wenye kitenzi kisaidizi, lakini sikiliza unapotumika na utaona kwamba mara nyingi kinachokuja si kizuri. Kitenzi ja, kilichotolewa kwa mlango wa mbele pamoja na "asije", kimerudi kupitia dirishani. Na kimerudi tena katika "usikuje", ambalo watu wa Nairobi wameliachia ku- yake ambayo sanifu ingeidondosha: usikuje kulia baadaye, usikuje kuniambia sikukuonya. Wanafunzi wangu wa kwanza katika somo hili walidhani haya ni makosa tu ya mtaani. Ukiyaweka mezani pamoja na To'aba'ita na Ese Ejja, unaona watu wanaotengeneza vyombo vipya kwa ajili ya kazi ya zamani.

Sitasimama sana kwa "chunga", ingawa ingeweza kupata sura yake nzima. "Chunga usiibiwe" ni upendo. "Chunga sana", ikisemwa polepole na mtu anayekukazia macho, ni jambo jingine. Tofauti imo katika kile kinachofuata: tahadhari hukuonyesha pa kupita, tishio hukunyima.

Kwa nini Kibera na Kawangware? Kwa sababu huko kesho ina historia ndefu iliyoandikwa. Kibera ilianza mwaka 1904 kama makazi ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, na jina lenyewe linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Familia hizo zilijenga, zikazaa na kuzika huko bila hati ya ardhi kwa zaidi ya karne moja. Hati ya ekari 288 ilitolewa kwa jamii ya Wanubi Juni 2017. Wakazi wengine wa Kibera, ambao leo ndio wengi, ni wapangaji katika nyumba ambazo wenyewe pia hawana hati. Mtu anayeishi hivyo anajifunza kuzungumzia kubomolewa kama mkulima anavyozungumzia kiangazi.

Chukua alama ya X. Kila mtu Nairobi anaijua. Rangi ni nyekundu, imepakwa kwa brashi pana na mtu mwenye haraka, kwa hiyo inachuruzika kufuata mifereji ya mabati, na wakati mwingine chini yake kuna namba au kifupi cha idara fulani. Kama maandishi, X haina mtenda wala kitenzi, na wakati wake haujulikani. Ni wakazi wanaoipa sarufi, na ndani ya saa chache mlango wenye alama unazungukwa na sentensi. Atauliza mmoja, "Kwani tutalala wapi?" Swali hilo halingoji jibu, ndiyo njia ya adabu ya kusema kwamba baya liko karibu bila kulitaja. Mwingine atasema, "Tung'oe mabati wenyewe ndio wasiyaponde." Hapo umeipata sentensi kamili ya taaluma yetu. Ndani yake mna hatari, tendo, na hesabu ya mali. Julai 2018, matingatinga yalipoingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata, maelfu ya watu walipoteza makao na shule zikaanguka. Picha za siku hizo zinaonyesha vifusi. Mtazamaji huweza kupita bila kuyaona mabati na misumari iliyookolewa, milango iliyobebwa begani, vitu vilivyookoka kwa sababu mtu alisema "ndio wasi-" na mwingine akasikia.

Mvua ndiyo darasa kubwa zaidi. Huko Kibera, mitaa ya Soweto, Silanga na Lindi inateremka kuelekea Mto Ngong na Bwawa la Nairobi, na nyumba za chini kabisa zimejengwa pale maji yanapotaka kupita. Ingia katika mojawapo uangalie kizingiti. Ni tuta la saruji linalofika karibu na goti, limejengwa kwa awamu, kila awamu na rangi yake ya kijivu, na mgeni lazima anyanyue mguu juu kama anayeingia kwenye mashua. Ndani, kitanda kimeinuliwa kwa matofali, na unga umetundikwa kwenye mfuko ukutani. Nyumba yote imepangwa kwa "maji yasiingie". Ukimuuliza mwenye nyumba kama anadhani mafuriko yatakuja mwaka huu, anaweza kukujibu "Mungu ndiye anajua", nawe ukaandika kwamba hana mpango. Mpango umeukanyaga ulipoingia.

Sasa linganisha na lugha ya serikali. Oktoba 2023 Rais William Ruto aliwaambia Wakenya kwamba hakutakuwa na El Niño kama ilivyokuwa imetabiriwa. Kabla ya mwaka kwisha mafuriko yalikuwa yameua watu na kuwahamisha wengine wengi. Msimu uliofuata, mvua za Machi hadi Mei 2024, ulikuwa mbaya zaidi: watu zaidi ya 200 walikufa nchini, shule zilichelewa kufunguliwa, na mwanzoni mwa Mei serikali ikawapa wakazi wa kando ya mito na mabwawa saa 24 wahame. Sileti mfano huu ili kumlaumu mtabiri. Utabiri wa misimu hukosea, na wanasayansi wa hali ya hewa ndio wa kwanza kusema hivyo. Ninachoomba ni tuangalie umbo la sentensi. "Hakutakuwa na" ni utabiri uliokanushwa, na utabiri ukikanushwa tendo nalo linaondoka. Tahadhari haifanyi kazi hivyo. Ukisema "zibueni mitaro maji yasije yakawapata", na maji yasije, hujasema uongo. Mitaro imezibuka, basi. Sentensi ya tahadhari haigeuki kuwa ya uongo kesho ikiwa njema, na kwa sababu hiyo ndiyo inayofaa kwa mambo yasiyo na uhakika.

Tangazo la kawaida la mafuriko kwa Kiswahili rasmi husema kwamba mvua kubwa inatarajiwa katika maeneo kadhaa, kisha, sentensi mbili tatu baadaye, kwamba wakazi wa mabondeni wanashauriwa kuhamia maeneo salama. Hatari imekaa huku, tendo limekaa kule, na kati yao hakuna kamba. Wanaotarajia hawajulikani, wala wanaoshauri. Mkazi wa Silanga angeandika tangazo lile lile hivi: "Inueni godoro na mtoe watoto mapema ndio maji yasiwapate usiku." Nasema kwa dhati kwamba hilo ni tangazo bora. Wahariri wa redio za mitaani, kama Pamoja FM iliyoko Kibera, wanayo fursa ambayo idara hazina: wanaweza kuyatoa maonyo katika sarufi ambayo wasikilizaji wao tayari huitii.

Nakuja kwenye sehemu ngumu, ambayo ni uchaguzi. Hapa neno la mtaa ni "kutaumana". Litazame kwa makini. Mzizi ni uma, kauli ni ya kutendana, na kiambishi cha mbele ni ku-, cha mahali. Nani atamuuma nani? Sarufi haisemi. Ni mahali penyewe patakapoumana, kama vile kunanyesha au kumekucha. Umbo hilo humruhusu mtu kusema anachokiogopa bila kumtaja jirani wa kabila jingine aliyesimama naye foleni moja ya maji. Nadhani hekima hiyo ilinunuliwa kwa bei ghali. Baada ya matokeo kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kibera iliungua, na tume ya Jaji Philip Waki ikahesabu vifo 1,133 nchi nzima. Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio wa urais, Kawangware nayo ilishuhudia ghasia za majirani kwa majirani. Tangu hapo, kila uchaguzi ukikaribia, utasikia tahadhari za nyumbani zikipita kutoka mlango hadi mlango: peleka watoto ushago ndio wasishikwe na vurugu, nunua unga wa wiki mbili, chaji simu. Hayo yote ni sarufi ya tahadhari.

Karibu yake, na kwa maneno yanayofanana, kuna tishio. "Watajua hawajui" ni wakati ujao pia, na ni kesho mbaya pia. Lakini mbaya kwa nani? Nafsi imebadilika. Hakuna "sisi" ndani yake, hakuna tendo la kujiokoa, na anayesema haogopi, anangoja. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, iliyoundwa 2008 baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ilitoa orodha ya maneno iliyoyaona ya uchochezi, na "watajua hawajui" likawamo, pamoja na "hatupangwingwi" na "kama mbaya mbaya". Naiheshimu nia ya tume, kwa maana wanaoifanya kazi hiyo wameona maiti. Hata hivyo naamini orodha ya maneno ni wavu wenye matundu makubwa. Sheng, lugha ya mtaani ya vijana, hubadilisha maneno kila msimu, na tishio litahamia neno jingine kabla ya wino kukauka. Kisichobadilika haraka ni umbo: nafsi ya tatu ya wingi, wakati ujao usio na sharti, na kutokuwepo kwa njia ya kuepuka. Anayetaka kusikia hatari kabla ya uchaguzi wa 2027 asikilize umbo hilo, na asikilize pia kama "tusije tukaumana" inapungua mitaani au inaongezeka.

Kuna pia jambo la kulitaja au kutolitaja baya. Mtu akisema waziwazi, "Nyumba hii itaungua," atajibiwa papo hapo: Ashindwe! Riswa! Mungu apishe mbali! Majibu haya ni sehemu ya mazungumzo, si mapambo. Ndiyo yanayomwambia msemaji kwamba ametoa utabiri mahali palipohitaji tahadhari. Akirekebisha, "Toeni hiyo jiko ndani moto usije ukashika," hakuna anayemkemea. Watu wanalitoa jiko nje. Moto wa usiku katika nyumba za mabati zilizobanana husafiri haraka kuliko habari zake.

Hapa siwezi kumpita John Mbiti. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, Mbiti alitumia vitenzi vya Kikamba na Kikuyu, na maneno ya Kiswahili sasa na zamani, kudai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati ujao wa mbali ni kama haupo. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga mwaka 1987 kwa ushahidi wa Kiakan, na wengine wengi wamempinga. Namheshimu Mbiti kwa kuwa alitufundisha kuuliza falsafa kwa kutumia vitenzi vya lugha zetu. Lakini alitafuta kesho katika orodha ya nyakati za kitenzi, yaani mahali ambapo utabiri hukaa. Angetazama mahali tahadhari inapokaa, katika dhamira, katika kukanusha, katika "asije" na wenzake, angewakuta watu wanaoishi na kesho kila saa.

Kuhusu mbinu, neno moja la kuanzia, nikirudia kile kinachopotea njiani kutoka Kiingereza. Hojaji nyingi zinazopelekwa Kibera huuliza, "Unatarajia nini katika miaka mitano ijayo?" Tarajia, kwa asili na kwa matumizi ya wengi, linaelekea kwenye tumaini. Unapomwomba mtu "matarajio mabaya" unamwomba atumaini vibaya, na jibu utakalopata litakuwa limepinda. Tena Kibera imehojiwa sana, na watu wake wanawajua wanaohoji kuliko wanavyojulikana nao. Kwa hiyo weka hojaji kando kwanza. Kaa mahali ambapo kuna kitu cha kuharibika: genge la mboga jua likiwa kali, kinyozi wakati stima zinapepesa, mtaro wakati wa wingu. Andika onyo lilivyosemwa, kwa Sheng yake na makosa yake, nawe usiligeuze kuwa sanifu daftarini.

Hatuanzi na mikono mitupu. Mohammed Abdulaziz na Ken Osinde waliandika mwaka 1997 kuhusu mchanganyiko wa lugha wa vijana wa Nairobi, na kitabu cha Chege Githiora cha 2018 kinaichukulia Sheng kama aina kamili ya Kiswahili cha Kenya, jambo ambalo nakubaliana nalo. Heine yule yule niliyemtaja katika habari ya viambishi ndiye aliyechapisha, mwaka 1982, uchunguzi wa Kinubi cha Kibera, lugha iliyozaliwa na Kiarabu cha askari. Sidhani kuna mahali pengine pa kuvutia zaidi kwa swali letu. Anayetaka kuanza aanze Makina, huko Kibera, katika nyumba ambapo bibi huonya kwa Kinubi, mama kwa Kiswahili na mjukuu kwa Sheng. Kando ya kila onyo aandike kilicholifuata: ni nani aliyeinuka, alishika nini, na kama aliyeonywa alijibu kwa mdomo au kwa mikono.